Kurudia Mtihani

Kuanguka mtihani ni jambo la siku moja, lakini kuamua kama mtihani ule urudiwe au usirudiwe ni kazi ya majuma mengi. Siku ya kuanguka ina machozi yake, na machozi hukauka. Watu wa nyumbani hupoza, jirani hupita akatoa pole, na jua huchwa kama siku zote. Baadaye huja siku nyingine zisizo na machozi wala pole, ambapo mtu hukaa peke yake na matokeo yake, akaulizwa na nafsi yake swali ambalo halikuwamo katika karatasi yoyote: Je, arudi tena, au ashike njia nyingine? Swali hili halina msimamizi, halina saa ya ukutani, wala halina wa kulisahihisha.

Methali hulijibu upesi mno. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, husema wazee, na maneno haya hupewa kila aliyeanguka kama maji yanavyopewa mgeni. Ni maneno ya heri. Walakini hayasemi kama koleo lililovunjika litengenezwe, au linunuliwe jingine, au mhunzi aache kiwanda akalime. Tena, mhunzi wa methali alikwisha kuwa mhunzi kabla koleo halijavunjika. Kijana amalizaye kidato cha nne bado hajawa kitu; mlango ndio kwanza ameugonga.

Ilula ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia. Atokaye Dar es Salaam hupita Ruaha Mbuyuni penye joto, hupanda Mlima Kitonga kwa kona zake nyingi, na akisha kufika juu hewa hubadilika, ikawa si mwendo mrefu tena kuiona Ilula na nyanya zake. Nyanya ndizo zilizoufanya mji huu ujulikane. Hulimwa wakati wa mvua, na hulimwa tena wakati wa kiangazi mabondeni kwa maji ya kumwagilia. Hupangwa katika matenga, matenga hupakiwa katika malori, na malori huteremka Kitonga kwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam. Bei ya tenga haina kituo. Mkulima aweza kulala tajiri na kuamka mdeni, kwa sababu tu wenzake wengi wamevuna juma lile lile. Tangu mwaka 2014, fauka ya hayo, nchi imeingiliwa na mdudu ambaye wakulima humwita kantangaze, jina ambalo ni kama amri ya kwenda kumtangaza, naye hakika hutangazwa, maana akiingia shambani habari zake hufika kwa jirani kabla ya yeye mwenyewe.

Katika mji huu yupo binti mmoja aliyesoma shule ya kutwa bila ya kulipa ada, kwa mpango wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016. Mama yake ni mkulima wa nyanya. Binti alifanya mtihani wa kidato cha nne katika masomo manane, akapata C katika Kiswahili na C katika Biashara. Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Biolojia alipata D. Na katika Hisabati alipata F. Baraza la Mitihani la Tanzania huhesabu masomo saba yaliyo bora: C ni pointi 3 na D ni pointi 4. Kwa hiyo C mbili na D tano zilimfanyia pointi 26, nazo 26 ni mwanzo wa daraja la nne. Lau D moja tu ingalikuwa C, jumla ingalikuwa 25, na 25 ni daraja la tatu. C hiyo moja ingalikuwa pia ya tatu katika hesabu ya C zake, na C tatu ndiyo sifa ya chini ya kuingia kidato cha tano. Binti alisimama basi kwenye kizingiti chenyewe, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na mlango ukafungwa kati.

Alikuwa na haja gani na mlango? Haja yake ilikuwa biashara, wala si biashara ya kuuza nyanya, ambayo aliijua tangu hajaweza kubeba tenga. Alitaka elimu iliyo nyuma ya daftari la dalali. Kila msimu dalali alikuja na daftari, akaandika idadi ya matenga, akatoa yaliyooza njiani, akatoa ushuru, akatoa gharama ya kupakia na kupakua, na mwisho akamhesabia mama fedha mkononi. Mama alijua bei. Kwa bei hakupunjwa na mtu. Lakini hakupata kuliona daftari lile likigeuzwa upande wake, na yeye mwenyewe hakuwa na lake. Mbegu alizinunua kwa fedha za akiba, dawa kwa mkopo, maji kwa kukodi mashine, na kazi ya mikono yake na ya watoto wake haikuandikwa popote wala haikuhesabiwa kuwa ni gharama. Akiuza, aliona fedha nyingi na kusema kwamba amepata. Binti alikuwa amesoma Biashara kiasi cha kutia shaka katika neno lile, lakini si kiasi cha kuthibitisha shaka yake. Mara moja alipomwuliza dalali kwa adabu jinsi alivyopata hesabu ya matenga yaliyooza, dalali alicheka akasema, “Binti, wewe soma tu kwanza.” Neno lile lilisemwa kwa mzaha, nalo lilikaa.

Hapa ndipo ulipo ubaya wa herufi zinazotolewa na mtihani. D ni alama kutoka 30 mpaka 44. F ni kutoka 0 mpaka 29. Aliyepata 29 na aliyepata 2 hupewa herufi moja, ijapokuwa mmoja alikosa hatua moja na mwingine hakuianza safari. Mtu atakaye kuamua kama arudie mtihani hana habari aihitajiyo zaidi ya hii: alianguka kwa umbali gani? Na habari hiyo ndiyo asiyopewa. Huambiwa kwamba hakufika, haambiwi alikofikia. Kwa wenye kuhesabu matokeo ya nchi nzima herufi inatosha, kwa sababu wao hutafuta wingi. Katika mtihani wa mwaka 2022, kwa mfano, takribani mtahiniwa mmoja tu katika kila watano alifaulu Hisabati, na maneno hayo yana maana kubwa kwa wizara. Kwa mtu mmoja wa Ilula hayana maana ila kwamba F yake ina wenziwe wengi. Na wingi wa wagonjwa haujapata kuwa dawa.

Mambo si hivyo pote ulimwenguni. Huko Marekani shule za biashara za vyuo vikuu zilikuwa na taabu ya kuwalinganisha waombaji waliotoka vyuo mbalimbali, ambavyo kila kimoja kilikuwa na mizani yake, nazo zikafanyiza mtihani mmoja wa pamoja, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1954. Tangu mwaka 1976 mtihani huo hujulikana kwa jina la GMAT, na umeenea duniani. Anayeufanya huambiwa alama yake kwa tarakimu, si kwa herufi, katika ngazi ambayo sasa huanza 205 na kuishia 805. Asiporidhika aweza kurudia baada ya siku 16, ila haruhusiwi zaidi ya mara tano katika miezi 12; na alama yake hudumu kwa miaka mitano. Kwa hiyo swali la kurudia, kwa mtu wa kule, ni swali la ada na la nguvu: yajulikana alipo, yajulikana chuo kinataka nini, na siku ya kujaribu tena i karibu. Aghalabu huyo ana shahada tayari, na pengine ana kazi. Hata akikosa, harudi sifuri. Kwa mtu wa Ilula, Novemba ni moja kwa mwaka. Matokeo hutoka Januari, na muda wa kujiandikisha kwa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa majuma machache baadaye; achelewaye hulipa ada pamoja na faini. Mara ya kwanza alisoma bila ada; mara ya pili hujilipia mwenyewe. Aliye na mengi hupewa muda mrefu wa kufikiri, na aliye na machache huharakishwa.

Lakini haifai kuifanya tarakimu kuwa mungu, wala herufi kuwa shetani. Msomaji yamkini akumbuka yaliyotokea kwa mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilipigwa na mshangao, Serikali ikaunda tume, na mwisho matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu mwingine. Majibu yalikuwa yale yale, kwa wino ule ule na mwandiko ule ule. Hakuna mtoto aliyeongeza neno. Hata hivyo, wako waliolala wameanguka wakaamka wamefaulu. Vijana wale walijifunza jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi, ya kuwa herufi ni mapatano baina ya karatasi na mizani, na mizani hushikwa na watu. Hili halina maana kwamba mtihani ni uongo. Lina maana kwamba mtu asiiulize herufi habari za nafsi yake, kwani herufi haikutumwa kusema hayo.

Basi binti alishauriwa. Mjomba wake, fundi wa magari mjini Iringa, alikuwa na hesabu safi kabisa. “Mpwa wangu,” alisema, “wewe umekosa C moja. Rudia Historia na Uraia, masomo ya kukariri. Upate C moja au mbili, ukaingie kidato cha tano. Hisabati iache, imewashinda wenye akili.” Mwalimu wake wa darasa alisema vivyo hivyo kwa maneno ya upole zaidi. Rafiki zake walimwambia akarisiti, kama wasemavyo vijana, masomo yote, ili aifute daraja ya nne isionekane tena. Yupo pia aliyemwambia kwamba hana haja ya kurudia chochote. Na huyu hakusema ovyo. Mwenye kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, walau kwa D, aweza kuombea chuo kwa masomo ya cheti cha awali, na binti alikuwa amefaulu saba. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, taifa lilipokuwa changa na wenye kujua kuongoza biashara ni wachache, kina tawi Mbeya, katika Nyanda hizi hizi za Juu Kusini. Aende huko, aanze.

Usiku mmoja binti alizipanga njia hizi katika karatasi. Njia ya kurudia: mwaka mmoja wa kungoja na kusoma, miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, miaka mitatu ya shahada. Jumla sita. Njia ya chuo: mwaka mmoja wa cheti, miaka miwili ya stashahada, miaka mitatu ya shahada. Jumla sita. Alihesabu mara ya pili, akidhani amekosea kama kawaida yake, naye hakukosea. Watu walikuwa wakibishana mbele yake kwa majuma mawili juu ya njia ya mkato, na hapakuwa na njia ya mkato. Tofauti ilikuwa katika vituo. Katika njia ya kwanza mtu akiishiwa na fedha baada ya mwaka mmoja hana kitu mkononi ila matokeo mengine. Katika ya pili, akisimama baada ya mwaka mmoja ana cheti, na baada ya miaka mitatu ana stashahada. Kwa mtoto wa mkulima ambaye fedha yake hutegemea mvua, bei na kantangaze, ngazi yenye mahali pa kupumzika ni bora kuliko ngazi iliyo ndefu tupu. Jambo hili lilitosha kumaliza shauri la kidato cha tano, na kama lingalikuwa ndilo pekee, shauri la kurudia lingalimalizwa nalo.

Ilibaki F. Si kwamba F ingemzuia kupata cheti, isingemzuia. Lakini programu kadha za shahada za biashara na uhasibu huuliza habari za Hisabati ya kidato cha nne hata kwa aliyepitia stashahada, na hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba nyuma ya mlango wa chuo cha biashara Hisabati inangojea. Imo katika uhasibu, imo katika takwimu, imo katika riba ya mkopo. Mtu aweza kuingia harusini bila ya mwaliko kwa kupita mlango wa uani, lakini akiketi atapakuliwa chakula kile kile walichopakuliwa wengine. Ushauri wa mjomba ulikuwa sahihi kwa hesabu ya mlango: Historia ndiyo iliyokuwa karibu na C, na Hisabati ndiyo iliyokuwa mbali. Ila ulihesabu mlango peke yake. Wengi warudiao mitihani hukosea hapa, na si watoto peke yao. Hutafuta alama iliyo rahisi kuongezwa, wakasahau kuuliza kama ile iliyo ngumu ndiyo wanayoiendea.

Kulikuwa na aibu pia, nayo isipotajwa habari haitakuwa kamili. Ilula ni mji wa kujuana. Mtu mzima akimkuta sokoni mwezi wa Februari, wakati wenziwe wakingoja majina ya shule, humwuliza mama yake, “Huyu yupo tu?” na neno hilo “yupo tu” ni zito kuliko tenga. Wako wasichana waliosoma naye ambao walikwisha kuteremka Kitonga kwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika nyumba za watu, na mmoja alimpigia simu kumwambia kwamba nafasi ipo. Kurudia mtihani kwa ajili ya kuzima midomo ya sokoni ni jambo linalofahamika, wala hapana wa kulilaumu. Lakini aibu ni mshauri mbaya wa masomo: ingalimwamuru arudie yote manane, Biolojia na Jiografia pamoja, kwa kuwa aibu haichagui; hutaka karatasi yote iwe safi.

Alichokifanya binti kilikuwa kidogo, na ndicho kilichomfaa kuliko mashauri yote. Alitafuta katika simu karatasi za Hisabati za miaka iliyopita, ambazo hupatikana bila taabu, akaweka saa, akafunga mlango, akakaa saa tatu kama mtahiniwa. Karatasi ile ina sehemu mbili: ya kwanza ina maswali kumi ya alama 6 kila moja, na ya pili ina maswali manne ya alama 10 kila moja, jumla 100. Kisha alimpelekea kazi yake mwalimu mmoja wa Hisabati aliyepanga chumba karibu na stendi, akamwomba aisahihishe kama mtu asiyemjua. Mwalimu alimpa 19. Hiyo ndiyo habari ambayo hati ya matokeo ilimnyima. Sasa alikuwa na tarakimu. Alikuwa na umbali.

Mwalimu hakuishia kwenye tarakimu. Alitandaza karatasi juu ya kitanda, maana meza haikuwapo, akaonyesha kwa kalamu. “Mwanangu, tazama hapa, kisha tazama hapa. Umeanguka mara mbili mahali pamoja.” Lilikuwa swali la seremala afanyizaye meza na viti, mwenye mbao za kiasi fulani na saa za kiasi fulani, naye ataka kujua atengeneze meza ngapi na viti vingapi ili apate faida kubwa kabisa. Kwa mtoto aliyepanga matenga katika lori, akijua mangapi ya daraja la juu yachukuliwe na mangapi ya chini yaachwe ikiwa nafasi haitoshi, swali hili si geni. Amelifanya kwa mikono kabla ya kulisoma. Alikosea nini? Katika Kiingereza ipo namna ya kusema “angalau” na ipo namna ya kusema “si zaidi ya”, nazo zafanana kwa sura mithili ya ndugu wawili. Binti alikuwa akizibadilisha. Kila palipotakiwa alama ya kuelekea kulia, aliiandika ya kuelekea kushoto, na hesabu yote iliyofuata, ambayo aliifanya kwa uangalifu, ilikuwa safari nzuri kwenye njia isiyo yake. Alisoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na minne ya sekondari kwa Kiingereza. Katikati ya hiyo saba na hiyo minne ndimo zilimopotea alama zile.

Hapana budi kusema kwamba si yote yaliyokuwa ya lugha. Logi hakuzijua kabisa, na habari za duara na pembe zake zilimpita. Ni rahisi mno, na ni jambo lipendwalo na waandishi, kulaumu Kiingereza kwa kila mtoto aangukaye, kama vile ni rahisi kusifu hesabu za sokoni kana kwamba zashinda za darasani. Za sokoni ni za haraka, za kweli, na ni fupi. Zinajua kuuza, hazijui kuandika msimu mzima na kusema mwisho wake kama pamekuwa na faida. Mama aliyekuwa hodari wa bei kuliko dalali alikuwa akipata hasara kwa furaha, kwa kuwa hesabu yake ilianzia siku ya kuuza. Kinyume chake ndiyo elimu aliyoitaka mwanawe, nayo hiyo haipatikani kwa kupuuza Hisabati.

Karatasi ya pili alipata 24. Ya tatu alipata 31, na 31 ni D. Nyumbani walitaka kusherehekea. Lakini mwalimu alimwambia afanye ya nne, kwani karatasi moja yaweza kuwa nyepesi kama embe moja linavyoweza kuwa tamu katika mti mchungu. Ya nne ilimpa 27. Kwa hiyo mwishoni mwa Februari alijua jambo moja kwa yakini na jambo moja kwa kukisia. Kwa yakini, alikuwa jirani wa kufaulu, wala hakuwa mgeni wa somo lile. Kwa kukisia, miezi tisa iliyobaki ingemtoa upande mmoja wa mpaka na kumweka upande wa pili. Na kukisia huku hakukuwa matumaini matupu, kwa sababu kilichomwangusha sasa kilikuwa na jina. Baina ya mtu arudiaye mtihani akiwa ameyajua makosa yake na yule arudiaye akiomba tu bahati yake ibadilike, wa pili anafanya mtihani ule ule mara mbili.

Mtahiniwa wa kujitegemea halazimiki kuyarudia masomo yote. Binti aliamua kurudia mawili, Hisabati na Kiingereza. Historia aliiacha na D yake, na pamoja nayo akaiacha daraja ya tatu iliyokuwa karibu kuliko yote, jambo ambalo mjomba hakulisamehe kwa muda. Na kwa chuo hakungoja: aliazimu kuomba masomo ya cheti mwaka huo huo, ila si Mbeya. Kutoka Ilula mpaka Mbeya ni zaidi ya kilometa 300, na mtihani ni wa Novemba, wakati masomo ya mwaka mpya yamekwisha kuanza. Asingeweza kwenda na kurudi. Angeomba chuo cha Iringa mjini, ambako basi dogo humrudisha nyumbani katika muda usiofika nusu siku. Mbeya aliitaka. Alikuwa ameisikia habari zake, baridi yake na ukubwa wake, na alikuwa amekwisha kujiona akitembea huko na daftari mkononi. Hiyo ndiyo bei halisi ya Hisabati, mbali na ada; na yeye aliilipa bila ya kuitaja kwa mtu.

Ada nayo ilikuwa na habari yake. Nyanya za mvua zilikuwa zimeanza kuiva, na bei ilikuwa ikipanda. Mama alikusudia kungoja juma moja zaidi kabla ya kuvuna. Binti alipomweleza kwamba namba ya malipo haitangoja nyanya, mama aliuliza, “Masomo mangapi?”

“Mawili, mama.”

“Na lile la Historia ambalo mjomba wako analililia?”

“Libaki.”

Mama alinyamaza, akatazama shamba, kisha akasema wachume kesho matenga machache, hata kama bei haijafika. Dalali alikuja na daftari lake. Safari hii binti naye alikuwa na daftari, la kurasa chache, lililonunuliwa dukani karibu na stendi. Aliandika idadi ya matenga, bei, yaliyokatwa na sababu ya kukatwa, na dalali alipotaja hesabu yake alimwomba aitaje tena polepole. Jioni mama, ambaye alijua kusoma ijapokuwa si kwa haraka, aliuchukua ukurasa ule akaufuata kwa kidole mpaka mstari wa mwisho wa matumizi, chini ya mbegu na dawa na kukodi mashine, akakuta imeandikwa ada ya mtihani.

“Hii mbona umeiandika humu?” akauliza. “Mtihani nao ni gharama ya shamba?”

“Imetoka humo, mama,” binti akajibu, akaendelea kujumlisha.